Ukoo Uliotandazwa Njiani: Historia ya Familia za Tunduma Pande Mbili za Mpaka

Nchini Uingereza kuna desturi ya likizo ambayo imekuwa sehemu ya uchumi wa vijiji vingi. Mtu anayeishi Sydney, Toronto au Boston hufunga safari kwenda kutafuta kijiji alikotoka babu wa babu yake. Huanzia jijini kwenye nyaraka, hupita miji midogo, kisha hufika kwenye kanisa la mawe, akasoma majina makaburini na kuona mahali walipobatizwa watu wa damu yake. Safari hiyo imejengwa juu ya maandishi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1837 serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales, na sensa ya mwaka 1841 ikawa ya kwanza kuwaandika wananchi kwa majina nchi nzima. Kwa hiyo mjukuu wa mkulima asiye na cheo wala mali anaweza kurudi nyuma vizazi vingi kwa kufuata kalamu ya makasisi na makarani. Nyuma ya madaftari hayo kuna dhana moja: kwamba kila familia ina kijiji chake cha asili, na kwamba anayekitafuta akikifikia, swali lake limejibiwa.

Dhana hiyo tunayo hata sisi. Mtanzania akiulizwa kwao ni wapi, hutaja kijiji, hata kama hajawahi kulala huko. Hoja yangu ni kwamba kwa familia nyingi za Mkoa wa Songwe, na hasa zile za Tunduma, kijiji kimoja hakitoshi kuwa jibu. Asili yao imetandazwa njiani: njia za chumvi na majembe, njia za kukimbia vita, njia za misheni, migodi na reli. Njia hizo zinapita pande mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia, na nyingine zinaingia Malawi. Anayetaka kuijua historia ya ukoo wake kwa ukweli hana budi kuifuata njia yote. Akisimama upande mmoja wa mpaka, atarudi na nusu ya habari akidhani ameibeba nzima. Nasema hivi kwa sababu Tunduma huzungumzwa siku zote kama mahali pa kupita tu, mji wa foleni ya malori, wabadilisha fedha na bidhaa za magendo, mji usio na jana. Mkoa wa Songwe wenyewe ni mchanga, kwani ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wageni wanaoelekezwa kutalii huko hupelekwa Ndolezi kutazama Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16 ambalo Wanyiha walilijua muda mrefu kabla wapimaji wa kikoloni hawajaliandika mwaka 1930. Kimondo kinastahili sifa zake. Lakini historia ya watu waliolizunguka jiwe hilo ni kubwa kuliko jiwe, na haijapewa hata kibao cha kuielekeza.

Tuanze na ushahidi wa zamani zaidi, ambao uko ardhini. Ivuna, katika Wilaya ya Momba karibu na Ziwa Rukwa, kuna chemchemi za chumvi ambazo wanaakiolojia walizichimba katika miaka ya 1960, wakakuta kwamba watu walikuwa wakipika chumvi hapo tangu karne ya 13. Juu kwenye nyanda za Mbozi, Wanyiha walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyotumika shambani, sokoni na katika mahari. Kazi hiyo iliandikwa kwa makini na Beverly Brock, mtafiti aliyechapisha habari za Wanyiha katika miaka ya 1960 wakati wazee walioyaona matanuru yakiwaka walikuwa bado hai. Vitu hivi viwili, chumvi na jembe, vinatueleza jambo la msingi kuhusu familia. Chumvi haipatikani kila mahali, na kila nyumba inaihitaji. Jembe nalo likishatolewa kama mahari, limekwenda na njia ambayo binti atapita kwa upande wake. Kwa hiyo ndoa, biashara na ujuzi wa kazi viliwahamisha watu kati ya bonde la Rukwa, nyanda za Mbozi na nchi ya Wanyamwanga kwa karne nyingi kabla ya mpaka wowote kuwekwa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyewaandika watu wa ukanda huu mwaka 1958, aliuona uhusiano huo, ndiyo maana kitabu chake kiliwaweka pamoja watu wote wa ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika badala ya kushika kabila moja na kuyaacha mengine.

Karne ya 19 iliongeza sababu nyingine ya kuhama, nayo ilikuwa ya machungu. Ukanda huu ulibanwa kutoka pande zote. Wabemba walivamia kutoka kusini-magharibi. Wasangu wa chifu Merere, waliosukumwa na Wahehe hadi Utengule, walivamia kutoka mashariki. Karonga, kwenye Ziwa Nyasa, mfanyabiashara wa watumwa Mlozi alijenga ngome zake na kupigana na Kampuni ya Maziwa ya Afrika kuanzia mwaka 1887, mpaka aliposhindwa na kunyongwa mwaka 1895. Vijiji vya Wanyiha vilijizungushia maboma ya miti. Watu walitekwa, wakauzwa, wakakombolewa, wakaolewa ugenini au wakakimbilia kwa chifu aliyeweza kuwalinda. Tunayajua haya kwa sababu baadhi yao waliyasimulia wenyewe. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian, alikusanya masimulizi ya maisha ya wanawake na wanaume waliopitia utumwa huo, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyaweka tena mbele ya wasomaji pamoja na uchambuzi wake. Anayesoma masimulizi hayo akiwa na swali la ukoo moyoni hupata somo zito: mtu mmoja angeweza kuzaliwa katika ukoo mmoja, akakulia mikononi mwa waliomteka, akazaa katika ukoo wa tatu na kuzeeka karibu na misheni, na watoto wake wakabeba jina la yule aliyewapokea. Wazao wa watu kama hao wamejaa Songwe leo. Wakitafuta kijiji kimoja cha asili, watalazimika kuchagua sehemu moja ya maisha ya bibi yao na kuzifuta nyingine.

Juu ya watu hao waliokwisha kuchanganyika ndipo ulipowekwa mpaka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 ulieleza mstari kati ya maziwa mawili kwa lugha ya ramani tupu. Mpaka uanzie mlango wa Mto Songwe, upande na mto huo, kisha uelekee kwenye ukingo wa bonde la Mto Kongo, uufuate ukingo huo hadi longitudo ya 32, halafu ukate moja kwa moja kwenda Mto Kilambo na kushuka nao hadi Ziwa Tanganyika. Tunduma iko juu ya ukingo huo wa maji. Mvua inayonyesha kusini yake huteremka kuelekea Chambeshi na hatimaye Mto Kongo, na ile ya kaskazini huelekea bonde la Rukwa. Hakuna chifu aliyeulizwa, wala hakuna ukoo uliohesabiwa. Kilichopimwa ni maji. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilifika kuweka alama za mpaka, Waingereza wakiongozwa na Kapteni Charles Close na Wajerumani na Kapteni Herrmann, na makubaliano ya mwisho yakatiwa saini Februari 1901. Close baadaye aliongoza Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, kuanzia mwaka 1911 hadi 1922. Ramani za idara hiyo ndizo zinazomwongoza mtafuta asili wa Kiingereza kutoka kijiji hadi kijiji, zikiwa zimeandika kila kanisa na kila njia ya miguu. Huku kwetu kazi ya mtu huyohuyo ilikuwa kupitisha mstari katikati ya mashamba na makaburi ya watu ambao majina yao hayakuhitajika kwenye ramani.

Matokeo yake yanaonekana katika orodha ya watu wa eneo hili. Wanyamwanga wako Tunduma na Momba, na wako Nakonde na Isoka nchini Zambia, ambako ndiko kilikobaki kiti cha Nawaitwika, chifu mwanamke wa Wanyamwanga. Walambya wako Ileje, na chifu wao Mwaulambya ana makao Chitipa nchini Malawi. Wandali wa Ileje wanaelewana kwa lugha na Wasukwa wa milima ya Misuku, ng'ambo ya Songwe. Mto wenyewe umezidisha ugumu, kwa kuwa katika nyanda za chini hubadilisha mkondo, na shamba lililolala Tanzania msimu mmoja hujikuta limeelekea Malawi baada ya mafuriko, kiasi kwamba serikali mbili zimelazimika kuandaa mpango wa kuutuliza. Majina ya koo hayakujali lolote kati ya hayo. Kwa desturi ya Wanyamwanga mwanamume hubeba jina la ukoo lenye kiambishi Si- na mwanamke lenye Na-, hivi kwamba Sinyangwe na Nanyangwe, au Simwinga na Namwinga, ni watu wa ukoo mmoja popote walipo. Anayefika Nakonde na jina la namna hiyo hubeba utambulisho ambao ofisi ya uhamiaji haiusomi lakini wazee wa ukoo huusoma mara moja. Hii ni kumbukumbu iliyotunzwa na watu wenyewe. Imevuka utawala wa Wajerumani, wa Kampuni ya Afrika Kusini ya Uingereza na wa serikali za uhuru bila kupotea.

Hapa huja pingamizi la kwanza, tena lenye nguvu: jina si hati. Msomi mwenye shaka atasema kwamba masimulizi ya mdomo hubadilika kila yanaposimuliwa, kwamba machifu waliyapanga ili kuhalalisha madaraka yao, na kwamba mgeni mwenye hamu ya kusikia jambo fulani mara nyingi huambiwa jambo hilohilo. Mfano upo. Mwaka 1976 Alex Haley alichapisha kitabu kilichowafanya Wamarekani weusi wengi watamani kusafiri hadi Juffure nchini Gambia, lakini wanahistoria waliorudi kuchunguza walionyesha kwamba msimulizi aliyemthibitishia habari za babu yake hakuwa chanzo cha kutegemewa, na kwamba inawezekana alikwisha kujua kilichokuwa kikitafutwa. Tahadhari hiyo naikubali yote. Lakini haitoi ruhusa ya kuyatupa masimulizi. Mwanahistoria Jan Vansina alionyesha tangu mwaka 1961 kwamba masimulizi yana kanuni zake za uchunguzi: nani anasimulia, alisikia kwa nani, ananufaika na nini, na matoleo yanayotofautiana yanakubaliana wapi. Isaria Kimambo alizitumia mbinu za aina hiyo kuandika historia ya Wapare mwaka 1969, na kazi yake imebaki nguzo ya historia ya Tanzania. Katika jambo hili mpaka wa Tunduma una faida ambayo Juffure haikuwa nayo. Tawi moja la ukoo likiishi Momba na jingine Isoka, chini ya tawala tofauti, shule tofauti na hata lugha tofauti za taifa, kila upande huwa shahidi wa mwenzake. Jambo linalosimuliwa sawasawa pande zote mbili lina uzito mkubwa. Lile linalotofautiana huonyesha mahali pa kuuliza zaidi. Hii ni sababu ya kimbinu, mbali na ya hisia, ya kuvuka mpaka.

Tena si kweli kwamba Songwe haina maandishi. Inayo mengi, ila yametawanyika kwa kufuata njia zilezile. Wamoravian walianza kazi Rungwe mwaka 1891 na kufika Mbozi miaka michache baadaye. Traugott Bachmann, aliyekaa Mbozi hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, aliziheshimu na kuziandika mila za Wanyiha kuliko wenzake wengi. Barua na taarifa za misheni hiyo zilipelekwa Herrnhut, Ujerumani, na ziko huko hadi leo. Upande wa pili, kilomita chache kusini ya mpaka, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katikati ya miaka ya 1890, na karatasi zao nyingi zimehifadhiwa Edinburgh. Wajerumani walipoondolewa wakati wa vita, Waskoti hao ndio walioangalia makanisa ya Kimoravian kwa miaka kadhaa, hivyo mtoto aliyebatizwa na Mjerumani aliweza kufungishwa ndoa na mchungaji kutoka Livingstonia. Kwa upande wa serikali, vitabu vya wilaya na mafaili ya kodi yamo katika nyaraka za taifa Dar es Salaam, Lusaka na Zomba, na mengine yako Kew jijini London. Kwa hiyo mjukuu wa Tunduma anayetaka kusoma habari za babu yake anaweza kujikuta naye akitembea katika miji ya Uingereza na Uskoti, akitafuta karatasi zilizoandikwa Mwenzo au Fife, kituo cha utawala wa Waingereza karibu na mpaka. Mgeni wa kutoka Sydney hukuta daftari na kaburi katika uwanja mmoja wa kanisa. Mtu wa Songwe hukuta kaburi liko Momba, jina liko Nakonde, na karatasi iko bara jingine. Ugumu wake ni wa umbali na gharama. Kusema kwamba hana historia iliyoandikwa ni kumwongezea dhuluma juu ya ugumu huo.

Karatasi za karne ya 20 zinaonyesha pia kwamba mpaka wenyewe ulizalisha historia mpya ya familia. Mwezi Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka kutoka Fife, Karonga na Abercorn kuingia nchi ya Wajerumani, na nyuma ya askari walitembea wapagazi walioitwa tenga-tenga, waliochukuliwa kijiji kwa kijiji. Wengi hawakurudi. Novemba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliishambulia Fife akielekea kusini, na vita vikaishia Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, tarehe 25 mwezi huo. Amani iliporudi, njia zikajaa watafuta kazi. Wapo waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, iliyoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Wapo waliokwenda kwenye shaba ya Ndola na Kitwe, na wapo waliofika hadi migodi ya Afrika Kusini kupitia WENELA, wakala wa kuajiri wachimba migodi. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kila mfanyakazi alitakiwa kubeba chitupa, cheti kilichoandikwa jina lake, kijiji chake na chifu wake. Karatasi hiyo ilitungwa ili kumdhibiti mtu, lakini mjukuu akiikuta leo ndani ya sanduku la bibi ameikuta hati ya nasaba. Fikra nazo zilipita njia hizohizo. Mwenzo ndiko walikoanzisha chama cha ustawi mwaka 1912 vijana waliosomeshwa na misheni, miongoni mwao Donald Siwale na David Kaunda, babake rais wa kwanza wa Zambia, na baada ya kuzimwa na vita kikafufuliwa mwaka 1923. Wanahistoria wengi wa Zambia huanzia hapo wanapoeleza chimbuko la siasa za uhuru wa nchi yao. Jambo hilo lilitokea mwendo mfupi kutoka Tunduma, miongoni mwa watu wenye ndugu Tunduma, na katika shule zetu halitajwi kabisa kama sehemu ya historia ya eneo hili.

Baada ya uhuru njia ikawa pana zaidi. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wake wa wachache Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na barabara ya Tunduma ikawa koo lake la kupitishia mafuta na shaba. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kazi hizo zilileta watu kutoka kila pembe ya Tanzania, na wengi wakaoa, wakajenga na kubaki. Kwa hiyo Tunduma ya leo, yenye wakazi zaidi ya laki mbili kwa sensa ya mwaka 2022, ina familia za Wakinga, Wanyakyusa, Wachaga na Wasukuma ambazo historia yao hapo inaanzia reli au duka. Je, hoja ya njia inawahusu? Inawahusu sana. Kijana wa Kikinga aliyezaliwa Tunduma akipelekwa Makete na kuambiwa hapo ndipo kwao, ameambiwa ukweli kwa sehemu. Namna babu yake alivyofika mpakani, mzigo wa kwanza aliouuza Nakonde na ndoa iliyofuata, navyo ni historia ya ukoo, na mahali pake pa kukumbukwa ni Tunduma.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu ninaowaheshimu, wale walioijenga Tanzania kama taifa moja. Wanauliza: je, kuwarudisha watu kwenye koo na machifu si kuamsha ukabila tuliouzika? Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Maamuzi hayo yalikuwa na busara, na hakuna anayeipenda nchi hii anayetaka kuyageuza. Lakini tutazame ushahidi wa Songwe unasema nini. Ukabila unaishi kwa kudai kwamba kila kabila lina damu yake safi na nchi yake ya tangu zamani. Historia ya koo za ukanda huu inayavunja madai hayo moja baada ya jingine. Inaonyesha mateka waliogeuka kuwa mababu na wakimbizi waliopewa ardhi. Inaonyesha wake waliotoka nchi ya adui, na wachungaji wa Livingstonia waliofungisha ndoa za Wanyiha. Mtu akiifuata njia ya ukoo wake hadi mwisho, mara nyingi atakuta ndani ya damu yake jirani aliyefundishwa kumdharau. Kinacholea ukabila ni historia ya ukoo iliyosimuliwa nusu, inayomtaja chifu na kumficha mtumwa. Tukiikataa historia nzima kwa hofu, nusu hiyo ndiyo itakayobaki mikononi mwa watu, bila mtu wa kuisahihisha.

Pingamizi la tatu ni la hali halisi, nalo lina pande mbili. Wapo wanaosema alama zimekwisha: Operesheni Vijiji ya kati ya mwaka 1973 na 1976 iliwahamisha watu, ikaacha mahame, na makaburi mengi yakamezwa na kahawa au mahindi. Wapo pia wanaosema watu wa mpakani wanavuka kila siku kwenda sokoni, msibani na kanisani, na tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, hivyo hakuna haja ya kuita jambo hilo safari ya historia. Kwa wa kwanza najibu kwamba mahame yenyewe ni ushahidi. Mti uliopandwa, mawe ya kusagia yaliyoachwa, vipande vya mavi ya chuma na kichaka kilichoachwa bila kukatwa humwonyesha mzee mahali nyumba zilipokuwa, na waliohamishwa wakiwa vijana bado wapo hai na wanakumbuka mpangilio wa kijiji chao. Watu hao wako katika umri ambao hausubiri bajeti ya mwaka ujao. Kwa wa pili najibu kwamba kuvuka kila siku kumehifadhi uhusiano lakini hakujahifadhi habari. Binamu wawili wanaweza kukutana msibani Nakonde kwa miaka yote bila yeyote kati yao kujua ni kwa sababu ya kodi, vita au ndoa babu zao walitengana. Uhusiano hujirudia wenyewe kwa mazoea, ila sababu ya uhusiano hupotea asipopatikana mtu wa kuiuliza.

Ghana ilipotangaza mwaka 2019 kuwa mwaka wa kurudi nyumbani kwa wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, ilithibitisha kwamba safari ya kutafuta asili inaweza kuwa heshima kwa waliopotea na pia mapato kwa waliobaki. Songwe haihitaji kuiga tamasha hilo. Inahitaji kitu cha kawaida zaidi, ambacho Waingereza walikianza mwaka 1538 kwa sababu zao za utawala na wajukuu wao wakakigeuza kuwa hazina: daftari. Halmashauri ya Mji wa Tunduma, kwa kushirikiana na wenzao wa Nakonde, makanisa ya Mbozi na Mwenzo na idara za historia za vyuo vyetu, inaweza kuanza kurekodi masimulizi ya koo pande zote mbili za mpaka. Inaweza kuomba nakala za kidijitali kutoka Herrnhut, Edinburgh na Lusaka, na kuziweka mahali ambapo mkulima wa Ileje anaweza kuzisoma bila viza. Mahame, matanuru ya chuma, visima vya chumvi vya Ivuna na makaburi ya misheni yanaweza kuorodheshwa kama njia moja yenye vituo vingi, kwa idhini ya wenye koo na kwa manufaa yao. Kazi hiyo ikifanyika, mtoto wa Tunduma akiulizwa kwao ni wapi atakuwa na haki ya kutaja zaidi ya mahali pamoja, na hakuna atakayeweza kumwambia kwamba amezaliwa katika mji usio na historia. Mpaka wa mwaka 1890 ulichorwa na watu waliodhani ukanda huu hauna chochote cha kukatwa. Kila familia inayoandika njia yake inathibitisha kwamba walikosea, na uthibitisho huo tunao wajibu wa kuukusanya wakati mashahidi wake bado wanaweza kusema.